Mjadala: Je, ubingwa wa Swift Current wa mwaka 1989 uendelee kusimuliwa kama unavyosimuliwa?

Mtoa mada

Swift Current ni mji wenye wakazi wasiofika 17,000 katika jimbo la Saskatchewan, Kanada. Timu yake ya vijana ya hoki ya barafuni, Broncos, haina tajiri anayeimiliki, bali ni mali ya wananchi wa mji. Ilianzishwa mwaka 1967, ikahamishiwa Lethbridge mwaka 1974, na ikarudi nyumbani mwaka 1986 baada ya watu wa mji kuinunua upya.

Haikumaliza hata msimu mmoja kabla ya kupatwa na msiba. Tarehe 30 Desemba 1986, basi la timu lilikuwa likielekea Regina kwenye mechi wakati wa dhoruba ya majira ya baridi, nalo likateleza kwenye barafu kilomita chache tu kutoka mjini, likaacha barabara na kupinduka. Wachezaji wanne waliokuwa wamekaa nyuma wakicheza karata walifariki, na mmoja wao alikuwa na umri wa miaka 16. Wenzao walivaa kwenye jezi nembo ya jani lenye pande nne, kila upande ukiwa na namba ya marehemu mmoja: 8, 9, 11 na 22. Mwezi Mei 1989, baada ya kupita hatua zote za mtoano za ligi yao bila kupoteza mechi, vijana hao walitwaa Kombe la Memorial, taji kubwa kuliko yote kwa timu za vijana nchini humo, kwa kuwafunga Saskatoon Blades 4–3 katika muda wa nyongeza, tena mbele ya mashabiki wa Saskatoon wenyewe.

Habari hii husimuliwa kama habari ya mji uliofiwa, ukajikaza, ukainuka. Sipingi kwamba kombe lilitwaliwa kwa haki. Ninachopinga ni usimulizi huo, kwa sababu kocha na meneja mkuu wa timu wakati wote huo alikuwa Graham James, ambaye jarida la The Hockey News lilimtangaza kuwa mtu wa mwaka 1989, na ambaye Januari 1997 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu baada ya kukiri makosa ya kuwadhalilisha kingono wachezaji wawili. Mmoja wao, Sheldon Kennedy, alinusurika katika basi lile na alikuwamo katika kikosi cha mabingwa. Baada ya ajali, wachezaji hawakuletewa mtaalamu yeyote wa kuwasaidia kisaikolojia. James alilikataa jambo hilo, na timu ikaachwa ijiuguze yenyewe. Mtu mwenye siri ya namna ile alikuwa na kila sababu ya kutotaka mgeni aketi faragha na vijana wake na kuwauliza wanajisikiaje. Kwa hiyo ule mshikamano unaosifiwa kuwa ndio siri ya ubingwa, kwa sehemu fulani, ulikuwa ukimya uliopangwa na mtu mmoja kwa faida yake. Naomba tujadili.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, hoja yako ni nzito, lakini naona inawaadhibu wasiohusika. Aliyefunga bao la ushindi hakumdhalilisha mtu. Wazazi wa wale wanne hawakumdhalilisha mtu. Wenyeji waliowapa vijana chumba na chakula majumbani mwao, kama ilivyo desturi ya mchezo huo mchezaji anapotoka mbali na kwao, walifanya hivyo kwa moyo safi. Ukiyaunganisha makosa ya James na kombe, utakuwa umempa yeye kitu ambacho hakustahili tangu awali, yaani umiliki wa ubingwa ule. Kennedy naye alicheza, na kombe ni lake pia. Kwa maoni yangu, mambo ya mahakama yabaki mahakamani, na kombe libaki uwanjani.

Mchangiaji wa pili

Mimi nasema nyote mnaangalia mtu mmoja mkiacha mfumo uliompa nguvu. Katika ligi hii kijana huanza akiwa na miaka 16, anaishi nyumba ya watu, na meneja ana uwezo wa kumuuza kwa timu nyingine iliyo mbali bila kumuuliza. James ndiye aliyemleta Kennedy Swift Current. Hata leo wachezaji hawa hawatambuliwi kuwa wafanyakazi: kesi iliyofunguliwa mwaka 2014 kudai kima cha chini cha mshahara ilifikia mapatano ya dola milioni 30 za Kanada mwaka 2020, na wakati huo huo serikali za majimbo kadhaa zilikuwa zimebadilisha sheria ili ligi zisilazimike kulipa mishahara hiyo. Utetezi mkubwa ulikuwa kwamba timu za miji midogo zingekufa. Tuulizane basi, mji unaopenda timu yake kiasi hicho utamwamini nani kwanza: mtoto mgeni wa miaka 17 au kocha anayeleta ushindi?

Mtoa mada anajibu

Nawashukuru nyote. Nianze na mchangiaji wa pili: swali lake nalikubali lote, ila mapatano yale ya fedha yanahitaji mjadala wake, na nachelea yakatutoa kwenye mada.

Kwa mchangiaji wa kwanza, sikusema kombe liondolewe kabatini. Lakini kusema mambo ya mahakama yabaki mahakamani ndiko kunakoendeleza kosa lenyewe, kwa kuwa Kennedy hawezi kukigawa kichwa chake vyumba viwili, kimoja cha ubingwa na kingine cha yaliyompata. Ameonyesha hivyo kwa vitendo: mwaka 1998 alivuka Kanada kwa viatu vya magurudumu akichangisha fedha kwa ajili ya watoto walionyanyaswa. Aidha, tarehe 6 Aprili 2018, basi la timu ya Humboldt, ambayo nayo inaitwa Broncos na ni ya jimbo hilo hilo, liligongana na lori na watu 16 wakafariki. Baadhi ya manusura wa mwaka 1986, Kennedy akiwa miongoni mwao, walikwenda kuwaona waathirika. Safari hii wataalamu wa ushauri nasaha walipelekwa mapema. Huo ndio urithi halisi wa Swift Current kwa mchezo huu, nao hauelezeki kwa mtu aliyefichwa sababu ya vijana wa mwaka 1986 kuukosa msaada huo.

Ninachopendekeza si kikubwa. Kila mahali timu inapoeleza rasmi ubingwa wa 1989, iandikwe pia kwamba wachezaji walinyimwa msaada baada ya ajali, na aliyewanyima atajwe pamoja na hukumu yake. Marehemu wabaki na kumbukumbu yao peke yao, bila kufanywa utangulizi wa kombe. Na kwa kuwa timu ni ya wananchi na ina mkutano mkuu wa kila mwaka, hakuna haja ya kumsubiri mmiliki akubali. Mwanachama yeyote anaweza kulileta pendekezo hilo mbele ya wenzake likajadiliwa.