Mrejesho: rangi ya deraya haipasuki tena

Wadau, niliuliza kwa nini rangi ya kupuliza inapasuka kwenye deraya ya kuigizia (vazi la vita la bandia) ya foomu ya EVA, ile sponji ya plastiki kama ya mikeka ya mazoezi. Mlisema kweli: foomu inapinda, rangi ngumu haipindi.

Sasa kila kipande kinapigwa hewa ya moto hadi vinyweleo vizibe, kisha tabaka 3 za Plasti Dip (mpira wa kupuliza unaopinda pamoja na foomu), dakika 30 kati ya moja na nyingine. Rangi ya fedha hupulizwa kutoka sentimita 25. Ukisogea karibu inachuruzika.

Kuifanya deraya ionekane chakavu ndio utamu wenyewe. Rangi ya akriliki nyeusi sehemu 1, maji sehemu 3: paka, futa mapema, weusi ubaki kwenye mifereji. Kingo zisugue kwa brashi kavu yenye fedha kiduchu. Kutu ya bandia ni rangi ya kahawia ya kudonoa kwa sponji, kandokando ya riveti tu. Malizia na vanishi isiyong'aa, la sivyo weusi utafutika kwa msuguano.