Naombeni ushauri, niwaoneshe vijana muvi hii au ile?

Asalaam alaykum wenzangu. Nshaiangalia The Man from Earth ya 2007 mara ya tatu na bado inanishika, watu wamekaa sebuleni tu wanazungumza, hakuna chombo cha anga wala mripuko, bajeti kama dola laki 2, mwalimu wa chuo anahama nyumba anawambia wenzake kaishi miaka 14,000 na kila mtu anambishia kwa fani yake, na mwisho pale na yule mzee daktari, sisemi, roho iliniuma.

Sasa nataka kuwaonesha vijana wa barazani kwetu hapa Michenzani, projekta ninayo. Wao wamezoea mapigano, na Kingereza hawakipati vizuri. Ila kubwa zaidi, mna sehemu anagusia Nabii Issa kinyume na tunavyoamini, wazee wakisikia itakuwa mtihani. Niiruke? Mbona ndo kiini cha ubishi wa hao wa kwenye muvi.

Au nianze na Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, dakika 20 na kitu, maneno machache, dunia imeishiwa maji, na shida ya maji sisi tunaijua?

Na kutafsiri, niwe nasimamisha kila baada ya muda au niwahadithie kabla? Aliyewahi kufanya anambie.