Utafiti au uhandisi wa akili mnemba: nijipime vipi kabla ya kuchagua?

Chipukizi_AI

Habari wakuu. Namalizia shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta. Hesabu sizikimbii, Python naiandika bila shida, na PyTorch naifahamu kiasi cha kufunza modeli ndogo za picha na maandishi. Naona njia mbili: kuomba uzamili nikilenga uzamivu ili niwe mtafiti, au kuingia moja kwa moja kwenye ajira ya uhandisi wa AI. Ushauri ninaoupata kila mahali ni "fuata unachokipenda", nami kwa mbali navipenda vyote viwili. Naomba kujua: kazi hizi zinatofautiana wapi hasa? Uzamivu ni lazima? Na kuna namna ya kujipima kabla sijafunga mlango mmoja?

Kipeuo

Mkuu, usitafute tofauti kwenye zana. Wote wawili wanaandika Python, wote wanakodolea macho mchoro wa kosa la mafunzo (namba inayoonyesha modeli inakosea kiasi gani), wote wanasubiri zamu ya GPU, ile kadi inayofanya hesabu nyingi kwa pamoja. Kinachowatenganisha ni kile wasichokijua wanapoanza kazi. Mtafiti ana dai ambalo huenda si kweli, na anatakiwa kulibana mpaka lisimame au lianguke. Mhandisi ana kitu ambacho kinajulikana kuwa kinawezekana. Asichojua ni kitakula kumbukumbu kiasi gani, kitachelewa kiasi gani, na kitapasukia wapi watumiaji wakiongezeka.

Tuchukue mfano mmoja. Modeli ya kupanga maandishi kwenye makundi inapata 80% kwenye sampuli 1,000 za majaribio. Mbinu mpya inapata 81.5%.

Kwa mtafiti swali la kwanza ni kama hiyo 1.5 ipo kweli. Kosa sanifu hapa ni kipeuo cha pili cha (0.8 × 0.2 ÷ 1,000), karibu 1.26%. Zidisha kwa 1.96, unapata takribani 2.5 juu na chini. Ukiishia hapo, nyongeza yote imemezwa na bahati. Lakini modeli zote mbili zimepimwa kwa sampuli zilezile, kwa hiyo analinganisha sampuli moja moja: ngapi mpya imepatia na ya zamani ikakosea, na ngapi kinyume chake. Ikiwa ni 40 dhidi ya 25, dalili ni dhaifu. Ikiwa ni 18 dhidi ya 3, hiyo ni habari nyingine kabisa, ingawa tofauti ni 15 ileile. Baada ya hapo anarudia mafunzo kwa mbegu za nasibu (namba zinazoamua bahati ya kila mafunzo) angalau 5, anaondoa vipande vya mbinu mpya kimoja kimoja aone kipi kinabeba mzigo, na anaipa modeli ya zamani nafasi sawa ya kurekebishiwa kasi ya kujifunza (ukubwa wa kila hatua ya mafunzo). Kwenye hiyo "nafasi sawa" ndipo makala nyingi zinapoangukia: mbinu mpya imerekebishwa mara mia na zaidi, ya kulinganishia imeachwa na mipangilio iliyokuja nayo.

Mhandisi akiletewa 81.5% hiyohiyo anauliza mengine. Modeli ni kubwa mara ngapi kuliko ya zamani? Maombi 95 katika kila 100 yatajibiwa ndani ya milisekunde 200? Maandishi matupu yakija itakuwaje, na ya maneno 10,000? Ikiharibika, tunairudisha ya jana kwa dakika ngapi? Na kubwa kuliko yote: maandishi yanasafishwa vilevile kwenye mafunzo na kwenye seva? Wakati wa mafunzo herufi zote ziligeuzwa kuwa ndogo, kwenye seva mtu akasahau mstari huo mmoja. Hakuna programu inayoanguka, hakuna ujumbe wa kosa, usahihi unashuka kimyakimya na mnaweza kukaa wiki kadhaa mkilaumu data. Mtu anayefurahia kuwinda hitilafu ya aina hiyo ana moyo wa uhandisi. Anayekereka kwamba hiyo 1.5 haijaelezwa imetoka wapi, huyo ana moyo wa utafiti.

Kadi_80GB

Naunga mkono, ila msimwache kijana akaamini kuna ukuta katikati. Kazi kubwa za uwanja huu zimetoka kwa watu wanaofanya vyote. AlexNet, modeli iliyoshinda shindano la kutambua picha la ImageNet mwaka 2012, ilisimama juu ya mitandao ya konvolusheni (inayopitisha vichujio vidogo juu ya picha), wazo lililokuwapo kwa miaka mingi. Sehemu kubwa ya ushindi wake ilikuwa msimbo wa GPU ulioandikwa mahususi, ukaugawa mtandao kwenye kadi mbili za GTX 580 zenye GB 3 kila moja. Makala ya transfoma ya 2017, muundo ulio nyuma ya modeli nyingi za lugha, ina waandishi 8, na tanbihi yake inataja waziwazi aliyependekeza wazo, aliyejaribu matoleo mengi, na waliojenga msimbo, wote kwa hadhi sawa. FlashAttention ya 2022 haikubadilisha jibu la hesabu ya atensheni (inayopima kila neno linahusiana vipi na mengine) hata kidogo. Iliacha kuandika ile matriki kubwa kwenye kumbukumbu kuu ya GPU, ikaipiga vipande vipande ndani ya kumbukumbu ndogo iliyo karibu na vikokotozi. Sasa huo ni utafiti au uhandisi?

Cheo kinachokaa hapo katikati kinaitwa mhandisi wa utafiti, na Chipukizi hakukitaja. Kazi yake ni kuyawezesha majaribio yafanyike. Mfano: kufunza modeli ya vigezo bilioni 7 (namba ambazo modeli inajifunza) kwa Adam, kanuni ya kuzisogeza namba hizo hatua kwa hatua, na hesabu za baiti 2. Kila kigezo kinahitaji baiti 2 za uzito (thamani yake), 2 za gradienti (uzito usogezwe upande gani na kiasi gani), 4 za nakala ya uzito yenye usahihi kamili, na 4 mara mbili kwa wastani mbili za Adam. Jumla baiti 16. Mara bilioni 7 ni GB 112, kabla hujahesabu matokeo ya tabaka za kati. Kadi ya GB 80 haiwezi, hata ufanye nini na ukubwa wa fungu (idadi ya mifano inayopitishwa kwa pamoja). Ukivigawa vyote hivyo kwenye kadi 8, kila moja inabeba GB 14 na nafasi inapatikana.

Halafu mambo yanaanza kuharibika. Kadi moja ina joto, inapunguza mwendo, na nyingine 7 zinaisubiri kila hatua. Au mafunzo yanakatika, mnayawasha tena kutoka nakala iliyohifadhiwa, kosa linaruka juu ghafla: nakala ilihifadhi uzito tu, ikaacha wastani za Adam. Mbaya zaidi ni pale nafasi mliyofikia kwenye data haikuhifadhiwa. Hapo modeli inarudia data ilizokwisha kuziona, kosa linashuka vizuri tu, na hakuna anayeshtuka.

Meza_ya_uzamivu

Kuhusu uzamivu nitajibu moja kwa moja. Kwa cheo cha mwanasayansi wa utafiti kwenye maabara kubwa, nafasi nyingi zinautaka, au zinataka kitu kinacholingana nao, yaani makala zenye jina lako mbele kwenye mikutano ya utafiti wa akili mnemba kama NeurIPS, ICML au ICLR. Kwa mhandisi wa utafiti hautakiwi mara nyingi, na kwa mhandisi wa kawaida hautakiwi kabisa. Kuna watafiti wazuri wasio nao, lakini wametoka na ushahidi wa kazi. Hakuna aliyeingia kwa kusema tu kwamba anapenda utafiti.

Uzamivu unachukua miaka 3 au 4 katika nchi nyingi za Ulaya, na mara nyingi 5 au zaidi Marekani. Unachokifundisha kweli ni kuchagua swali. Kutumia PyTorch utajifunza popote. Kujua kwamba swali fulani ni kubwa mno kwa miezi 6, au kwamba ni dogo kiasi kwamba hata ukilijibu hakuna atakayejali, kunahitaji mtu wa kukukosoa kila wiki kwa miaka. Ndiyo maana msimamizi ana uzito kuliko jina la chuo. Kabla ya kukubali nafasi, ongea na wanafunzi wake bila yeye kuwapo: anakutana nao mara ngapi, wanamaliza kwa miaka mingapi, GPU wanazipata wapi, na waliomaliza wako wapi sasa. Mwanafunzi akisita kwenye swali la kwanza, jibu umeshalipata.

Na ujue kukataliwa ni sehemu ya kazi. Mikutano niliyoitaja hupokea robo hivi ya makala zinazoletwa, wakati mwingine zaidi kidogo. Makala nzuri inaweza kukataliwa mara mbili kwa sababu zinazopingana.

Napingana kidogo na Kadi_80GB. Ukuta haupo kwenye kazi, ila kwenye ajira upo. Mwenye uzamivu akitaka uhandisi anajifunza majaribio ya msimbo, ukaguzi wa wenzake na zamu za dharura, na mwaka ukiisha anakuwa sawa. Mhandisi akitaka utafiti anahitaji makala, na ratiba ya kazi haimpi nafasi ya kuziandika. Kama kweli huna upande, jua kwamba mlango wa pili ni mzito zaidi kusukuma.

Kadi_80GB

Hilo nalikubali kwa cheo cha mwanasayansi. Kwa mhandisi wa utafiti aliyeko ndani ya timu inayochapisha, hapana: jina lake linaingia kwenye makala kwa kazi anayoifanya kila siku. Kwa hiyo ukiwa na ofa za uhandisi, uliza timu ipi. Timu inayotunza bidhaa na timu inayofunza modeli mpya zinaweza kutumia cheo kilekile.

Jaribu_kwanza

Swali la tatu ndilo muhimu, na linajibika kwa wiki 8. Chagua makala moja ambayo majaribio yake yanaingia kwenye GPU moja na data zake ziko wazi. Wiki 4 za kwanza, ijenge upya bila kufungua msimbo wa waandishi. Soma makala, andika modeli, fikia namba zao kwa tofauti ndogo. Karibu kila mara utakwama kwenye kitu kisichoandikwa: jinsi uzito ulivyoanzishwa, hatua za kupandisha kasi ya kujifunza taratibu, au kipimo kilivyokokotolewa. Ukikwama zaidi ya siku 3 mahali pamoja, ndipo ufungue msimbo wao, tena sehemu hiyo tu. Wiki ya 4 badilisha kitu kimoja ambacho unadhani waandishi walikosea au hawakukijaribu, na uandike utabiri wako *kabla* ya kuendesha.

Wiki 4 zinazofuata, chukua modeli hiyohiyo uiweke hewani. Itengenezee huduma inayopokea maombi, ifunge ndani ya Docker (kifurushi chenye programu na vyote inavyohitaji), ipige kwa maombi 50 kwa wakati mmoja, pima muda wa majibu, kisha upunguze muda huo kwa nusu bila kupoteza zaidi ya 1% ya usahihi. Weka kumbukumbu za makosa. Zima seva katikati ya kazi uone kinachotokea.

Weka daftari la mistari miwili kwa siku: leo nilikwama wapi, na kesho nataka kufanya nini. Siku ya mwisho soma ule mstari wa pili tu. Kama kwenye wiki za mwanzo umeandika "nataka kujua kwa nini" na kwenye za mwisho "niendelee na orodha", umepata jibu. Kama ni kinyume, umelipata pia. Na utakuwa na mradi mmoja wa kuonyesha pande zote mbili: anayesaili watafiti atakuuliza kwa nini utabiri wako haukutimia, anayesaili wahandisi atakuuliza huo muda uliukata wapi.

Chipukizi_AI

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichotarajia. Nina kadi moja ya GB 8. Nikichagua modeli ndogo ya lugha, kama GPT-2 ya vigezo milioni 124, itaingia?

Kipeuo

Inaingia, ila chunga mahali ambapo wengi hawapaangalii. Milioni 124 mara baiti 16 ni kama GB 2 tu. Tatizo liko kwenye tabaka la mwisho: msamiati wa tokeni (maneno au vipande vya maneno) 50,257. Fungu la mifano 8 yenye tokeni 1,024 kila mmoja linazaa namba 8 × 1,024 × 50,257, na kwa baiti 4 kila moja hiyo ni karibu GB 1.65. Gradienti yake inachukua kiasi hichohicho tena, na tabaka za kati bado hujazihesabu. Tumia fungu la 2, ukusanye gradienti kwa hatua 4 kabla ya kusogeza uzito. Kumbuka kugawa kosa kwa 4. Usipogawa, gradienti inakuwa kubwa mara 4. Adam inalificha tatizo hilo kwa sehemu, lakini ukomo uliouweka wa kukata gradienti utaanza kukata kila hatua.

Kabla ya kuacha mafunzo yaende usiku, pima vitu viwili. Kosa la hatua ya kwanza liwe karibu 10.8, ambayo ni logi asilia ya 50,257, maana modeli isiyojua kitu inagawa uwezekano sawa kwa tokeni zote. Likianza kwenye 30, uzito umeanzishwa vibaya. Kisha ifunze kwa fungu moja tu mpaka iwe imelikariri. Isipofika karibu na sifuri, kuna hitilafu kwenye msimbo. Na ukiwa kwenye data kamili, kosa likishuka chini ya 0.1 siku ya kwanza, usishangilie. Kagua kinga inayoizuia modeli kuona tokeni zijazo, halafu kagua kama majibu yamesogezwa nafasi moja mbele, kwa sababu karibu kila mara ni moja kati ya hayo mawili.