Kaka ndo msimamizi wa mirathi, sasa anataka kuuza nyumba ya marehemu baba

DadaWaMbagala:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Mzee wetu alifariki 2022, tupo watoto watano, wa kiume wawili wa kike watatu, na mama yupo anaishi palepale. Tulikaa kikao cha ukoo tukampitisha kaka mkubwa awe msimamizi wa mirathi, muhtasari tukasaini wote, mahakama ya mwanzo ikampa barua ya uteuzi. Basi, tangu siku hiyo hatujakaa tena. Kuna fremu tatu kwa mbele, kodi anakula yeye, ukiuliza anasema hela imeenda kwenye matengenezo, matengenezo yenyewe bati mbili na geti kupakwa rangi. Juzi dalali kaja na watu wanapima uwanja kwa hatua, mama kakaa kwenye mkeka anachambua mchicha anawatazama tu. Nikampigia kaka, anadai baba alimwandikia kwenye kaunta buku kwamba nyumba ni yake, na barua ya mahakama ina jina lake. Sisi ni Waislamu. Hivi hii imekaaje?

Mzee_Kobe:
Pole binti. Mahakama ikishamteua ndo mwenye mali huyo, mbembelezeni awakatie chochote yaishe kifamilia.

karani_mstaafu:
Mzee wangu hapo unampoteza mwenzio. Msimamizi ni mbeba mzigo tu, anakusanya mali, analipa madeni ya marehemu, anagawa, kazi imeisha. Kuuza anaweza, ila kwa ajili ya mirathi, na hela inakuwa ya warithi wote sio ya mfuko wake.
Dada, mahakama ya mwanzo msimamizi anatakiwa ndani ya miezi minne arudishe fomu namba 5 na namba 6, moja ya mali na madeni, nyingine ya hesabu na mgawanyo. Hakimu anaweza kumwongezea muda lakini sio kukaa kimya miaka. Nenda mahakama ileile na namba ya shauri, omba kuona faili. Kama hizo fomu hazimo andika barua kwa hakimu aitwe ajieleze, akileta ujanja ombeni uteuzi wake utenguliwe awekwe mwingine. Na fanya haraka, mnunuzi akishaingia ndani kumtoa ni kesi ya miaka. Nyumba ina hati?

DadaWaMbagala:
Haina, ni karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa tu.

karani_mstaafu:
Basi kesho asubuhi peleka barua kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba nyumba ni ya mirathi na haijagawanywa, wagonge muhuri kwenye kopi yako. Ingekuwa na hati ningekwambia ukaweke zuio kwa msajili wa hati.

Abuu_Swabra:
Hilo daftari lisikutishe. Kwetu Waislamu wosia kwa mtu ambaye tayari ni mrithi haupiti mpaka warithi wengine waridhie, na hata kwa asiye mrithi mwisho ni theluthi. Mama ana thumni yake, yaani moja ya nane, maana marehemu kaacha watoto, na wa kiume anachukua mara mbili ya wa kike. Kama babu na bibi wa upande wa baba walishatangulia, hesabu yenu imekaa vizuri ajabu: gawa mafungu 8, mama 1, kila binti 1, kila kijana 2. Kaka ana mbili ya nane, kwa hiyo anauza na sita za watu. Ila kwanza ulizeni kama marehemu alikuwa na deni, deni linatoka kabla ya kugawa.

DadaWaMbagala:
Babu na bibi walishafariki zamani. Nimetoka mahakamani mchana huu na mdogo wangu. Kwenye faili kuna ombi, muhtasari na kopi ya barua ya uteuzi, mwisho hapo. Barua ya mwenyekiti nayo nimepeleka. Sasa wapangaji wa fremu niwaambie wasimlipe?

karani_mstaafu:
Hapana, usiwaingize kwenye ugomvi watakugeuka. Waombe upige picha mikataba na risiti walizopewa na kaka yako tangu 2022, mpe hakimu. Yeye ndo atamwuliza hizo bati mbili zilikuwa za dhahabu au vipi.