Wenye sukari: mafuta kwenye damu mliyajuaje? Tupeane uzoefu

Mama Wawili, Umoja
Jana kliniki daktari alifungua daftari langu akanisifu. Kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu kimeshuka kutoka 9.4 hadi 6.8. Nilikuwa nimeanza kutabasamu akageuza ukurasa. Trigliseridi, yale mafuta ya kwenye damu, 4.1. Ile kolesteroli nzuri 0.8, ile mbaya 3.6. Akaniongezea dawa ya tatu. Mimi ni mwembamba, kilo 54, nyama naonja Krismasi! Usiku sikulala. Nani mwingine ameambiwa hivi? Mlianzia wapi, na hizo dawa zimewafanyaje?

Binti Mlango Kubwa
Kama mimi kabisa. Sukari iko chini, mafuta yako juu.

Fundi Grogan
Kama si nyama ni mafuta ya kupikia. Anza kuchemsha, mama.

Nesi Mstaafu
Fundi, si mafuta ya sufuria peke yake. Insulini ikishindwa kufanya kazi yake ya kuingiza sukari kwenye misuli, ini hupokea sukari ya ziada na mafuta yanayotoka mwilini, likatengeneza trigliseridi na kuzimwaga kwenye damu. Hizo zikipanda, kolesteroli nzuri hushuka. Nimeyaona hayo mawili pamoja kwa wagonjwa wa sukari wanene na wembamba. Trigliseridi tunataka ziwe chini ya 1.7. Na hiyo mbaya ya 3.6, kwa mtu asiye na sukari daktari angeweza kusubiri. Kwako hasubiri. Mama Wawili, chapati ngapi kwa siku?

Mama Wawili, Umoja
Chai naikunywa bila sukari tangu 2019. Lakini chapati nauza jioni, na zinazobaki ndizo chakula chetu. Nazipika na mafuta mgando.

Dereva wa 58
Mama, umenitonesha kidonda. Nilikuwa na sukari miaka mitano, kila asubuhi najidunga kidole, na sikuwahi kupimwa mafuta hata siku moja. Sikujua kuna kitu kama hicho cha kupimwa.

Ilikuwa Agosti. Jumapili tulikula mbavu Kenyatta Market na bia zikafuata, nyingi. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi niko Jogoo Road na gari limejaa, tumbo likanikata hapa juu ya kitovu, uchungu unapenya hadi mgongoni. Nikasimamisha gari kando, nikalalia usukani. Makanga akawashusha abiria akawarudishia nauli. Zahanati ya kwanza waliniambia ni vidonda vya tumbo, nikapewa dawa nikarudi nyumbani. Kufika jioni natapika, siwezi kunyooka, mke wangu akaita teksi akanipeleka hospitali.

Wakanitoa damu. Baadaye kijana wa maabara akaja mwenyewe hadi kitandani na kile kichupa. "Mzee, hebu tazama." Damu ilikuwa imetuama. Chini nyekundu, na juu, pale panapotakiwa kuwa maji ya manjano unayoweza kuona ng'ambo, palikuwa peupe pazito kama maziwa lala. Hiyo ni damu yangu. Trigliseridi 31, sukari 24, kongosho, kile kiungo kinachotengeneza insulini, limevimba. Siku tatu sikutia kitu kinywani, ni dripu na insulini ya mshipani. Mke wangu alishinda amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kwa sababu viti havikutosha, na kila nikifumbua macho namkuta ananitazama kifua kama kinapanda. Jamaa wa kitanda cha tatu alikuwa na kongosho hilo hilo. Alfajiri ya Alhamisi walimfunika shuka.

Tangu siku hiyo sijagusa bia.

Binti Mlango Kubwa
Mungu wangu. Pole sana, kaka.

Msomaji South C
Nyeupe kabisa? Kama maziwa?

Dereva wa 58
Kama maziwa. Bado naiona.

Fundi Grogan
Pole dereva. Ila mimi dawa za mafuta niliziacha. Statini ziliniuma miguu hadi ngazi zikanishinda, tena zinapandisha sukari. Sasa ni kitunguu saumu na ndimu kila asubuhi, niko sawa.

Binti Mlango Kubwa
Uko sawa umepima?

Fundi Grogan
Mwili wangu naujua.

Binti Mlango Kubwa
Baba yangu pia aliujua wake. Aliacha statini miezi minane. Siku ile hakushika kifua, hakulia. Jasho tu, na pumzi inakata. Sisi tukadhani sukari imeshuka, TUKAMPA SODA. Kumbe ni moyo. Usije hapa kuwaambia watu waache dawa!

Fundi Grogan
Sijamwambia mtu aache. Nimeulizwa uzoefu, nimetoa wangu. Pole kwa mzee.

Nesi Mstaafu
Binti, hamkukosea kwa makusudi. Sukari ya miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, moyo unaziba na mtu hasikii uchungu. Fundi, ni kweli statini hupandisha sukari, lakini kidogo, na moyo unaolindwa ni mkubwa kuliko hicho kidogo. Miguu ikiuma rudi kwa daktari, apunguze kipimo au abadilishe aina. Mkojo ukigeuka rangi ya chai ya rangi, nenda siku hiyo hiyo. Na kitunguu saumu kula, ni kitamu, lakini hakishiki nafasi ya dawa.

Msomaji South C
Mimi trigliseridi nilizishusha kutoka 3.9 hadi 2.2 kwa kutembea Mombasa Road jioni na kupunguza ugali nusu. Kuleni omena, parachichi, njugu.

Fundi Grogan
Njugu si mafuta?

Msomaji South C
Mafuta mengine hayo. Kiganja kimoja, si mfuko.

Jirani wa Githurai
Mengine nimekubali, lakini mutura, ile soseji yetu ya utumbo na damu, msiniguse.

Binti Mlango Kubwa
Hiyo ndiyo ya kwanza kuacha.

Mama Wawili, Umoja
Dereva, nimemsomea mume wangu yako. Amezitoa zile chapati mezani bila kusema neno. Dawa nimeimeza jana usiku.

Dereva wa 58
Vizuri, mama. Mimi Jumatatu narudia kipimo cha mafuta, kile cha kwenda na njaa. Nesi, zamu yangu huanza saa kumi alfajiri. Chai nikose kabisa?

Nesi Mstaafu
Maji peke yake kuanzia saa mbili usiku. Ile insulini ya chakula usijidunge kabla hujala. Ibebe, beba na chai kwenye chupa na viazi vitamu viwili, wakishakutoa damu ujidunge ule hapo hapo. Lakini usiendeshe abiria na njaa na sukari yako.

Dereva wa 58
Nimeshaomba zamu ya mchana.