Randa na nyundo za mbao kuukuu: randa inajaa maranda, nyundo inalegea kichwa

msumeno_butu
Wakuu, nina boriti za mti mgumu za sm 9 kwa 7 zilizotoka kwenye paa lililobomolewa, pamoja na mbao za mm 25. Lengo ni vifaa vitatu: nyundo ya mti ya kupigia patasi, geji ya kuchorea (ya kuchora mstari sambamba na ukingo wa mbao) na randa ya sm 28. Nyundo na randa zipo tayari ila zote zinasumbua. Kichwa cha nyundo kinacheza kila baada ya kazi kidogo, hata nikiongeza kabari. Randa (kisu cha mm 45, kimelala digrii 45, mwili wa vipande vinne vilivyogundishwa) inakata mara mbili tatu kisha maranda yanajaa mdomoni. Mdomo nimeupanua hadi mm 2, bado hali ni ile ile. Kosa liko wapi?

maranda_membamba
Usiupanue mdomo tena, mkuu. Randa ikijaa, mara nyingi tatizo liko juu ya mdomo. Anza na kisu chenyewe: kitoe pamoja na kile chuma cha pili kinachokaa mgongoni mwake, vibane pamoja, uvitazame kwenye mwanga. Ukiona mwanga ukipenya kati yao kwenye makali, hapo ndipo maranda ya kwanza yanapojichomeka, na mengine yote yanarundikana nyuma yao. Nyoosha ukingo wa chuma hicho juu ya kinoo mpaka mwanga usipite.

Chuma kikiwa sawa, pima mteremko wa mbele wa koo, yaani uwazi ulio juu ya mdomo. Uwe kama digrii 60 kutoka kwenye unyayo (uso wa chini wa randa), ukiegemea mbele, ili koo lizidi kupanuka kwenda juu. Ukiwa wima, maranda hayana pa kwenda. Halafu kile kijiti kinachopita katikati kuzuia kabari: kikikaa chini sana, chini ya mm 25 kutoka unyayo, kinaziba njia. Ubapa wake unaokutana na kabari nao lazima uiguse upana mzima.

Mdomo wa mm 2 sasa ni mkubwa mno kwa kazi ya kumalizia. Gundisha unyayo mpya wa mm 5 wa mti mgumu, kisha fungua mdomo kwa tupa na patasi nyembamba, kidogo kidogo, hadi maranda membamba yapite tu. Nusu milimita inatosha. Unaponyoosha unyayo kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, kisu kiwe ndani kimekazwa kwa kabari, ila makali yamerudishwa juu. Kabari inapinda mwili wa randa. Ukinyoosha bila mkazo huo, utapata unyayo ulionyooka kabatini na uliopinda kazini.

kichwa_na_mpini
Nyundo: hiyo kabari ndiyo inayokudanganya. Nyundo ya mti haihitaji kabari wala gundi. Tundu linakuwa pana juu kuliko chini, mpini unaingizwa kutokea juu, na kila ukipiga kichwa kinajikaza chenyewe. Kwa kichwa cha kimo cha sm 9, tundu la mm 36 kwa 20 chini na mm 40 kwa 20 juu linatosha.

Kosa la kawaida ni tumbo. Unachimba kutoka pande mbili, zinakutana katikati, na kuta zinabaki zimevimba hapo. Mpini unagusa katikati tu, juu na chini hewa, hivyo lazima ucheze. Pitisha rula ndani ya tundu, ikicheza kama pia, chonga katikati. Mbao ya mpini pasua kwa shoka kwanza ili ufuate nyuzi, msumeno unazikata bila kukuambia. Nyuso za kupigia zipe mteremko wa digrii 3 hivi, zielekee upande wa kiwiko, la sivyo zinapiga patasi kwa pembe.

kinoo_cha_maji
Niongeze kuhusu mbao zenyewe, maana kuukuu si sawa na iliyotulia. Boriti inaweza kuwa kavu nje na bado ina mivutano ndani; ukiipasua inapinda. Kata vipande vikubwa kuliko kipimo kwa mm 5 kila upande, viweke wiki mbili juu ya vijiti hewa ipite, ndipo uvinyooshe. Nyundo iliyofungwa mbao ikiwa bado inakauka italegea hata tundu liwe zuri.

Kabla ya msumeno, pitisha sumaku. Doa jeusi bluu kwenye mti mgumu ni alama ya msumari hata kama kichwa chake hakionekani. Kwenye randa, panga nyuzi zishuke kuelekea kisigino. Zikiwa kinyume, unyayo unakwaruzwa na kunyofoka.

Mbao za paleti tumia zenye muhuri wa HT, yaani zimepashwa joto. Zenye MB zimefukizwa dawa, ziache. Mataruma ya reli yaliyolowekwa kreosoti (dawa yenye sumu ya kuzuia mbao kuoza) usiyaguse kabisa, na rangi ya zamani usiipige msasa mkavu, huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu.

msumeno_butu
Asanteni. Mwanga unapita kwenye kile chuma, tena pembeni kabisa. Na tundu la nyundo lina tumbo kweli. Kwa huo unyayo mpya nina mbao ya msaji, gundi itashika?

maranda_membamba
Msaji una mafuta, gundi huachia. Futa uso kwa asetoni, subiri ikauke, gundisha palepale kabla mafuta hayajapanda tena. Kwenye geji, pini yake usiiache na ncha ya msumari: isage iwe kama kisu, itokeze mm 2, na bapa lake ligeuke kidogo ili ikivutwa ikaze kizuizi kwenye ukingo wa mbao. Ncha ya duara inachana nyuzi ukichora kuzikatiza.