Naomba ushauri: machapisho ya zamani ya Kiswahili katika maktaba ya Makerere

Habari zenu ndugu zangu. Nasomea ualimu wa Kiswahili katika chuo kimoja magharibi mwa Uganda, mwaka wa mwisho. Utafiti wangu unahusu Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili, hasa kipindi ilipokuwa na makao yake Makerere, kuanzia 1952. Wengi hapa hawajui kwamba kazi hiyo iliwahi kufanyika Kampala, nami natamani sana ijulikane, maana bado tunaambiwa Kiswahili ni lugha ya wageni.

Maktaba yetu ina rafu moja tu ya Kiswahili, karibu yote vitabu vya kiada. Mkutubi, mama mwema sana, ndiye aliyenielekeza kwenye sehemu ya Africana, yaani machapisho yanayohusu Afrika, katika maktaba kuu ya Makerere. Shida ni kwamba mimi si mwanafunzi wa pale, na nauli ya basi mpaka Kampala inauma.

Mliowahi kuitumia: barua ya msimamizi wangu inatosha, au lazima itoke kwa mkutubi wetu? Machapisho ya zamani wanaruhusu kupiga picha kwa simu, au ni fotokopi tu? Mgeni hulipa kwa siku?

Halafu majarida ya mtandaoni. Nikiwa kampasi yanafunguka vizuri, nikirudi nyumbani yananidai malipo. Kuna njia halali ya kuyasoma kwa akaunti ya chuo ukiwa nje? Kaka na dada mliomaliza, nielekezeni tafadhali, likizo inakaribia.